Kona ya Nyumbani: Mkwaruzo kwenye gari, tuutazame kabla ya kutaja bei



Juma lililopita tuliahidi kuzungumzia namna ya kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu. Tutarudi huko. Limetokea jambo hapa Kiwanja ambalo limetufundisha kitu tusichokijua, na tumeona ni vema tuwaandikie mapema, maana watoto tunao wote, na magari yanalala mbele ya nyumba zetu.

Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza, mvulana wa miaka 6, alitoka masomo saa sita. Njiani akakuta taksi imeegeshwa kivulini, Toyota ya rangi ya kijivu inayometameta. Akaokota msumari. Kwenye mlango wa nyuma akaandika neno moja, herufi nne, kila moja ukubwa wa kiganja: mama. Yaliandikwa vizuri, kwenye mstari ulionyooka. Tunasema vizuri kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha. Tangu shule zifunguliwe tumekuwa tukiwaambia watoto waandike popote wanapopata nafasi, mchangani kwa kijiti, ukutani kwa makaa, ili mkono uzoee. Hatukukumbuka kusema isipokuwa kwenye gari.

Mwenye gari alitaka dola 120. Alisema mlango wote lazima upakwe rangi upya, na hata ubavu wa karibu uguswe ili rangi ifanane. Mama wa mtoto ni mjane, anauza ndizi sokoni, na akiba yake yote iko katika kisanduku cha AVEC, kinachofunguliwa mwisho wa mwaka. Alikuja kwa kamati ya chama kuomba mkopo jioni ileile. Mtoto alikuwa amekwisha kupigwa. Siku ile hatukumwambia neno juu ya kupiga, kwa sababu mtu aliyetajiwa dola 120 saa nane mchana hana moyo wa kusikiliza mahubiri ya mwalimu. Lakini hapa tunaandika bila haya: mtoto yule hakujua kwamba gari linaumia. Alijua tu kwamba anaweza kuandika, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika neno zima bila kushikwa mkono.

Kabla ya kutoa mkopo, wawili wa kamati pamoja nasi tulikwenda kulitazama gari. Tulimchukua kijana wa mwanachama mwenzetu ambaye ni fundi wa karoseri. Tuliyoyaona huko ndiyo tunayoyaandika.

Tuanze na sheria, kwa sababu swali la kwanza katika kamati lilikuwa hilo: je, mama analazimika kulipa? Ndiyo. Kitabu cha tatu cha kanuni ya sheria za kiraia ya nchi yetu, cha tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu cha 258 kinamlazimisha aliyeleta hasara kwa kosa lake airekebishe. Kifungu cha 260 kinawabebesha wazazi hasara iliyoletwa na watoto wao wadogo wanaoishi nao. Kifungu hichohicho kinawataja pia walimu, kwa muda ambao mwanafunzi yuko chini ya ulinzi wao. Kengele ilikuwa imekwisha kulia. Tulihesabu dakika, tunakiri.

Lakini tazameni neno lenyewe: kurekebisha. Sheria inadai hasara irekebishwe, na kurekebisha si kumnunulia mtu mlango mpya. Hivyo ni lazima kujua hasara ni kubwa kiasi gani, na hapo ndipo wengi wetu tunashindwa, kwa sababu tukiona mstari mweupe kwenye gari la mtu tunafikiri gari limekufa.

Wamama wanaopaka verni kucha wataelewa haraka kuliko waume zao. Unapaka kwanza ya chini, halafu rangi, halafu ile isiyo na rangi ya kung'arisha na kulinda. Gari ni vilevile. Chini kabisa kuna chuma. Juu yake kiwandani wanaweka tabaka la kuzuia kutu, kisha rangi ya chini ambayo mafundi wanaiita apre, mara nyingi ya kijivu au nyeupe, kisha rangi yenyewe, na mwisho verni inayoonekana kama kioo. Matabaka yote pamoja hayafiki hata robo ya milimita. Verni peke yake ni kama nusu ya unene wa karatasi moja ya daftari. Namna hii ya kuweka verni juu ya rangi ilienea duniani kuanzia miaka ya 1980, kwa hiyo magari mengi yanayotufikia hapa kutoka Japani, yakipitia Mombasa na Uganda, yanayo.

Sasa, verni ikikwaruzwa inaonekana nyeupe hata kama rangi iliyo chini haikuguswa kabisa. Ni kama kioo cha dirisha: ukikikwaruza unaona mstari mweupe, na kioo hakina rangi nyeupe ndani yake. Mwanga unavunjika pale penye mkwaruzo. Mstari mweupe peke yake, basi, haukuambii kitu.

Fundi wetu aliomba maji. Mwenye gari akasema, “Maji ya nini? Mimi sikuita watu wa kuosha.” Tukamwambia, “Papa, tusaidie tu, dakika moja.” Akaleta ndoo. Fundi akaosha vumbi kwanza, kwa maji mengi, halafu akamwaga maji safi polepole juu ya neno. Herufi ya kwanza ikapotea. Ya pili ikapotea. Ya nne ikapotea. Ya tatu, ile m ya katikati, ikabaki inatutazama. Watu waliokuwa wamesimama pale wakacheka, hata mwenye gari alitabasamu kidogo.

Maana yake ni hii. Maji yakijaza mkwaruzo ulio ndani ya verni tu, mwanga unapita tena sawasawa, na mstari hauonekani mpaka pakauke. Mkwaruzo uliofika kwenye rangi au chini yake haudanganywi na maji. Baada ya hapo pitisha ukucha polepole ukiukata mstari. Ukiteleza bila kukwama, jeraha ni la juu. Ukikwama, ni la ndani, na utazame rangi ya mstari wenyewe: ukiwa kijivu au mweupe usiofanana na gari, umefika kwenye apre; uking'aa kama kijiko au ukiwa na wekundu wa kutu, umefika kwenye chuma, na hapo usichelewe, kwa sababu mvua zetu hazichelewi. Kutu ikianza inatambaa chini ya rangi nzima na kuiinua kutoka upande ambao hata hukuukwaruza.

Kwa herufi zile tatu kazi ilikuwa ndogo, nasi tuliifuata kwa jicho tangu mwanzo hadi mwisho. Gari liliwekwa kivulini mpaka mlango ukapoa. Fundi alitumia karatasi ya msasa iliyo laini sana, namba 2000, ile ambayo ukiigusa unafikiri haina kazi. Aliiloweka karibu robo ya saa katika maji yenye sabuni kidogo. Akatafuta kitu cha kuizungushia ili vidole visichimbe mifereji, akakosa. Tukamtolea gomu la kufutia kutoka mkoba wetu. Likafaa kabisa, na sasa liko kwake, hatujarudishiwa.

Alisugua kwa mkono mwepesi, upande mmoja tu, mara chache, akapangusa, akatazama, akasugua tena. Yale maji yanayotoka ndiyo ya kuchunga. Yakiwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, unasugua verni, endelea kwa woga. Yakitoka na rangi ya gari, acha palepale, umeipita verni. Kwenye kingo za mlango na mahali penye mkunjo hakusugua kabisa, kwa kuwa verni huko ni nyembamba zaidi. Mlango ukabaki na madoa yasiyong'aa, na mwenye gari akashika kichwa. Kisha fundi akapita na msasa wa namba 3000, halafu polishi ya kusugulia kwa kitambaa laini, duara dogo dogo, kwa muda mrefu. Mng'ao ukarudi. Haikuchukua saa mbili kwa herufi tatu.

Kuna jambo la kukumbuka hapo: verni haiongezeki. Kila ukisugua unapunguza kidogo. Gari ambalo limesuguliwa hivi mara nyingi linafika siku ambayo halina tena cha kusugua. Kwa hiyo mikwaruzo midogo isiyomkera mtu iacheni ikae.

Ile m ya tatu ilikuwa habari nyingine. Mtoto alikuwa ameikazia, kama wanavyofanya wote: herufi ya kwanza wanaiogopa, ya pili wanaizoea, ya tatu wanaiandika kwa nguvu zote. Ilikuwa imefika kwenye apre, lakini si kwenye chuma, na hiyo ilikuwa bahati kubwa, kwani hapakuwa na kutu ya kuondoa wala haja ya kuanza chini kabisa. Ilihitaji rangi.

Rangi ya gari haichaguliwi kwa macho. Kwenye gari kuna kibandiko au kibati chenye namba yake. Kwa Toyota kitafute chini ya kapo au kwenye nguzo ya mlango wa shofere, kwenye mstari wenye herufi C/TR. Zile zinazotangulia baada ya hapo ni namba ya rangi: 040 ni nyeupe inayoonekana kila mahali, 202 ni nyeusi, 1E7 ni kijivu cha metali. Letu lilikuwa 1E7. Fundi aliagiza chupa ndogo kutoka Goma, si kubwa kuliko chupa ya verni ya kucha.

Alipangusa mkwaruzo kwa alkoli ili mafuta yote yatoke. Rangi akaijaribu kwanza kwenye kipande cha bati, kwani gari limekaa juani miaka mingi na namba inasema rangi ya siku lilipozaliwa. Kisha akaitia ndani ya mkwaruzo kwa ncha ya kijiti cha meno, nyembamba, akangoja ikauke, akarudia mara tatu. Hapana kuijaza kwa mara moja kama unavyoziba tundu la sufuria. Ikiwa nene inakauka juu, ndani inabaki mbichi, halafu inabonyea. Mwisho akatia verni. Baada ya juma moja alirudi na msasa wa 2000, akasawazisha kinundu kilichobaki, akapiga polishi.

Rangi za metali zina ugumu wake. Ndani yake kuna vipande vidogo sana vya alumini, na vinalala kwa namna moja vikipulizwa na kwa namna nyingine vikipakwa kwa kijiti. Ndiyo maana m ile, ukiitazama kutoka upande fulani, inaonekana nyeusi kidogo kuliko jirani zake. Fundi alimwambia mwenye gari ukweli huo kabla ya kuanza, jambo lililotupendeza.

Hesabu ilikuwa hivi: msasa dola 2, polishi 6, rangi na verni 5, mkono wa fundi 10. Jumla dola 23. Mama alilipa 13 siku ileile, na 10 alikopeshwa na chama kwa majuma manne.

Mtauliza mwenye gari alikubali namna gani kushuka kutoka 120 hadi 23. Hatukugombana naye. Si mtu mbaya, na gari lile ndilo linalolisha nyumba yake. Fundi alimweleza jambo moja tu: rangi ya kiwandani imechomwa katika tanuru, verni yake kwenye joto la takriban digrii 140, ndiyo maana ni ngumu. Rangi ya kupuliza uani, hapa kwetu, inakauka kwa hewa, katika vumbi la barabara yetu, na mara nyingi haifikii ile. Ukiupaka mlango mzima kwa ajili ya herufi moja, unaiharibu rangi nzuri ya mlango mzima na kuweka iliyo duni mahali pake. Alinyamaza, akapitisha kidole chake mwenyewe juu ya mlango, akasema tuanze. Tungekwenda kwa maneno ya huruma kwa mjane pengine tungerudi na dola 100. Tulikwenda na ndoo ya maji.

Tusiwadanganye lakini. Kuna magari ambayo dola 23 hazitoshi. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua linaila verni. Mkiona kapo au paa limekuwa jeupe-jeupe na verni inabanduka kama ngozi ya aliyeungua, hakuna polishi itakayoirudisha. Lazima kukwangua na kupuliza upya. Vilevile mkwaruzo mrefu uliofika kwenye chuma ni kazi ya garaji. Na magari ya zamani, hasa meupe, mengine hayana verni kabisa, rangi yenyewe ndiyo inayong'arishwa. Kuyatambua ni rahisi: paka polishi kidogo kwa kitambaa cheusi mahali pa kujificha, kitambaa kikitoka na weupe wa gari, hakuna verni, na ile alama ya maji meupe tuliyoieleza haitawasaidia.

Wamama wengine wametuuliza juu ya dawa ya meno. Ndani yake mna unga wa kusugua, ndiyo, kwa hiyo kwenye alama ndogo kabisa inaweza kusaidia. Kwa mkwaruzo ambao ukucha unaukwama ni kupoteza dawa ya meno. Verni ya kucha isitiwe kwenye gari kwa kuificha alama. Itabanduka, na mtu akiipangusa kwa diliani ataondoa na kilichokuwa salama.

Hata hivyo mikwaruzo mingi tuliyoiona kwenye gari lile haikuwa ya msumari. Fundi alituonyesha duara elfu nyembamba kama nyuzi za buibui, mlango mzima, zikionekana jua likizipiga. Hizo ni za kitambaa kikavu. Vumbi letu limejaa mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko verni. Anayepangusa gari kavu asubuhi ili ling'are anapitisha msasa bila kujua. Wavulana wenu wanaoosha magari na pikipiki kwa kujipatia franka wafundishwe: maji mengi kwanza, vumbi lishuke lenyewe, sifongo ikianguka chini isirudi kwenye gari kabla ya kusafishwa, hapana majivu, hapana mchanga, hapana sifongo ya sufuria, hapana sabuni ya unga kavu. Na mazutu wanayopaka ili ling'are inashika vumbi jipya kabla ya saa sita. Tangi la pikipiki ya motari ni hivyohivyo.

La mwisho, na hili tunaliomba kwa nguvu. Kazi ya kijiti na msasa mnaweza kuiona nyumbani. Kazi ya kupuliza kwa pistole, hasa verni inayochanganywa na dawa yake ya kukausha, msikubali ifanyike katika kiwanja ambamo watoto wanacheza au mwanamke mwenye mimba anapika. Katika dawa ile mna kitu kinachoitwa isosianeti, ambacho kinaumiza mapafu na kinaweza kumletea mtu pumu isiyopona. Kitambaa puani hakizuii. Tumeona vijana wanapuliza hivyo mchana kutwa, midomo wazi, wakiimba. Mama mwenye mtoto katika garaji amuulize leo jioni anavaa nini usoni.

Mtoto wetu amerudi masomo. Siku mbili za kwanza alikataa kushika kalamu, tukamwacha. Siku ya tatu tulimpa ubao na chaki, naye akaandika herufi ndogo sana, pembeni. Amekwenda pia na mama yake kumwomba msamaha mwenye gari, na kila siku ya posho anamletea kidumu kimoja cha maji ya kuoshea. Haya walipatana wenyewe, sisi hatukuwamo. Taksi inapita kila asubuhi mbele ya shule. Jua likiwa bado chini, na ukijua pa kutazama, ile m ya tatu inaonekana.